Bilauri za Tata Kitenge

Bilauri zilianza kulia Jumatano, baada ya chakula cha mchana, wakati Kitenge akizisugua kwa kitambaa cheupe na mkewe Ndaya akikusanya sahani mezani. Hazikulia kwa kelele. Zile zenye mguu, zilizopangwa rafu ya juu, ziligusana midomo, zikatoa sauti nyembamba, kisha zikanyamaza. Kitenge akasimamisha kitambaa hewani akasubiri. Zikalia tena.

"Unasikia?" akauliza, na bilauri kwao huitwa makopo. "Makopo inaimba."

"Ni malori tu, Tata Falonne. Si barabara iko pale tu."

Ndaya, aliyemwita kwa jina la binti yao kama siku zote, alijibu haraka mno, lakini Kitenge hakuwa mtu wa kumpekua mkewe. Aliwalaani madereva kidogo, akaendelea kusugua. Ndaya alizipeleka sahani kwenye jiko la nje, akaziweka chini, akashika ukuta. Hakuna lori lililokuwa limepita. Yeye alijua kilichokuwa kinagonga, na alijua kinagonga wapi: chini ya saloni yake, mahali ambapo aliapiwa kwamba hakitafika kamwe.

Mtu hawezi kuielewa hofu ya Ndaya asipoiona kwanza baa yenyewe. Ilikuwa kaunta ya mbao ya kimo cha kiuno, iliyorandwa na Kitenge kwa mkono wake, kwenye ile pembe ya saloni ambayo wengine huweka televisheni. Nyuma yake zilikuwepo rafu. Bilauri nene za wiski zilikaa chini, ndefu za bia katikati, na zenye mguu za mvinyo juu kabisa, ambako mkono wa mgeni haufiki. Juu ya kaunta kulikuwa na ndoo ya barafu na koleo lake, kipimo kidogo chenye vichwa viwili, kijiko cha shina refu, chujio, kizibuo cha chupa za mvinyo, na lile kopo la chuma la kutikisia vinywaji ambalo Kitenge aliliita sheka na kulifuta mara nyingi kuliko viatu vyake. Chupa ndizo zilikuwa haba. Wageni wengi waliishia kunywa munkoyo wa mahindi au maji ya tangawizi katika bilauri ya mguu, nao walitoka hapo wamenyoosha migongo.

Na hakuuza kitu. Hilo ndilo jambo mtaa mzima ulishindwa kulimeza. Kitenge alikuwa amewahudumia wakubwa wa mgodi klabuni kwao tangu ujana, amesimama, hadi klabu ilipofungwa akarudi nyumbani, akachukua kiti cha plastiki, akakaa mbele ya mlango. Hakulewa, hakugombana, hakulalamika. Alikaa tu. Ndaya aliuvumilia ukimya ule hadi ukamshinda, ndipo akaanza kuleta vyombo, kimoja kimoja, kutoka dukani kwa Mama Hawa, ambaye mumewe Swedi huvileta kwa lori toka Dar es Salaam. Siku alipoleta sheka, Kitenge aliitikisa tupu karibu na sikio, akacheka. Kesho yake alitoka kwenda kutafuta mbao.

"Unatoa wapi hizi feza?" alimuuliza wakati huo.

"Ku mikate. Siku hizi inatoka muzuri."

Maandazi aliyouza Ndaya, ndiyo hiyo mikate, yalikuwa matamu, hatubishi, lakini andazi halijawahi kununua bilauri za mvinyo. Fedha zilitoka kwa jirani yake Tshibola, mjane, ambaye jikoni mwake, chini ya turubai la rangi ya chungwa, kulikuwa na shimo. Mtaa ule ndivyo ulivyo. Mtu anaanza kuchimba choo, anakutana na jiwe jeusi lenye kobalti, na choo hakiwi choo tena. Tshibola alimwomba Ndaya ruhusa ya kupitisha njia chini ya bustani yake, huko nyuma, ng'ambo ya mpera, na kila magunia yakitoka naye atapata fungu lake. Ndaya aliuliza jambo moja tu: hawatauvuka mpera? Wakamwapia. Kwa mumewe alifunga mdomo, maana Kitenge alikuwa miongoni mwa wachache waliokataa mashimo hayo mbele za watu. Alisema nyumba ni ya kulala, siyo ya kuuzwa kuanzia chini.

Sasa mpera ulikuwa umevukwa. Na Jumamosi hiyo ndiyo siku ambayo wakwe wangekuja kutoka Kasaji, wapokewe katika saloni ileile, kuzungumzia ndoa ya Falonne, binti yao wa pekee.

Jioni Ndaya alifunika maandazi kwa sahani, akaenda kwa Tshibola kana kwamba anatembea tu. Kabemba, kaka wa Tshibola na mkubwa wa shimo, alikuwa amekaa juu ya gunia akitafuna muwa, taa bado imefungwa kwenye paji lake la uso.

"Kabemba, mulifika chini ya saloni yangu."

"Nani anasema?"

"Makopo."

Kabemba alicheka hadi akapaliwa na muwa. Alipopata pumzi alimweleza taratibu, kwa ule upole ambao mtu humwekea mwenzake asiyejua kitu.

"Mama Ndaya, jiwe iligeuka. Ilikuwa inaenda mu bustani, sasa inaenda kwako. Jiwe haiyui kama iko fensi."

"Uliapa."

"Niliapa wakati ilikuwa mu bustani."

"Basi muirudie ile ya zamani."

"Sawa. Weye rudisha makopo kwa Mama Hawa, na mi narudisha jiwe." Akachukua andazi bila kukaribishwa. "Ulikula tayari, mama. Muntu alikula hawezi kusema chakula ni kibaya."

Vijana waliokuwa wakiosha miguu kwenye beseni waliinamisha vichwa ili wasionekane wanacheka. Ndaya alisikia uso ukimwaka. Kila alichoshika katika saloni yake kilikuwa kimelipwa na shimo lile. Aliacha sahani na maandazi yake palepale, akatoka.

Tshibola alimfuata hadi kwenye ukuta wa matofali. Hakumtazama usoni.

"Siku ya posho habatashuka," alinong'ona. "Nitakaa mi mwenyewe pale ku shimo. Bukwe bako bakuye, banywe, barudie. Kisha tutaona."

Posho, kwa watu wa huko, ni Jumamosi, na bukwe ni wakwe. Ndaya aliishika ahadi hiyo kwa sababu hakuwa na nyingine.

Ijumaa Kitenge aliamka na wazo. Alikuwa ameomba mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu kwa fundi wa barabarani, na Ndaya alimkuta ameukata vipande, anabandika kipande kimoja chini ya kila bilauri na kingine kati ya kila mbili zilizosimama karibu.

"Mbele ya bukwe hazitaimba," alisema, amefurahi. "Malori ipite yote."

Ndaya alisimama mlangoni akiwa na ufagio. Chini ya miguu yake, hafifu kabisa, alisikia pigo la nyundo. Rafuni hapakulia kitu. Mumewe alikuwa amekiziba kinywa cha shahidi pekee aliyekuwa anasema kweli ndani ya nyumba ile, na alikuwa anajipongeza.

"Tata Falonne," alianza.

"Mm."

"Na kama tungepokea bukwe inje? Tufunge turubai. Kuko mupepo muzuri."

Kitenge aligeuka na kipande cha mpira mdomoni. Akakitoa. Haikuwa hasira iliyoonekana usoni mwake, na laiti ingekuwa hasira.

"Mama Falonne. Maisha yote nilikuwa nafungulia bengine mulango. Kesho bantu banakuya kwangu, banakaa, mi nabapa kopo. Kwangu. Uniache kesho moja."

Je, wewe ungesema? Ndaya alisema atafagia pia chini ya kaunta, akafagia, na huko pembeni aliona ufa mwembamba kwenye saruji, unaoanzia ukutani na kupotea chini ya mguu wa baa. Aliufunika kwa mkeka.

Jumamosi wageni walifika na vumbi la safari. Walikuwa Tata Kisimba, mzee mwembamba aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye reli, na mwanawe Antoine, mwalimu, mposaji mwenyewe, mwenye shati lililonyooshwa upya kwenye nyumba ya jamaa. Kitenge aliwapokea mlangoni amevaa shati jeupe na kitambaa begani. Ndaya hakuwapokea. Aliwachungulia kupitia tundu la ukuta wa jiko la nje, na hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Kwa desturi ya kwao mama mkwe haketi alipo mkwe wake, hali mbele yake, hamtazami machoni, sembuse kumgusa. Heshima hiyo nayo, kama wakwe wenyewe, huitwa bukwe, na mwanamke akiivunja, watu wa huko huisimulia hadi kwa wajukuu.

Kwa hiyo Falonne ndiye alikuwa akienda na kurudi. Alichukua kuku wa kukaanga, akarudi. Alichukua barafu, akarudi.

"Banasema nini?" Ndaya alimuuliza.

"Tata Kisimba anauliza majina ya makopo yote. Papa anamufundisha. Banacheka sana."

"Na chini? Husikii kitu?"

"Chini wapi, mama?"

Ndaya alitazama juu ya ukuta, upande wa Tshibola. Moshi ulikuwa unatoka, turubai halikuonekana. Hakujua kwamba Tshibola alikuwa ameitwa hospitali kwa mtoto wa dada yake, na kwamba Kabemba, akiona shimo halina mlinzi na jiwe linazidi kuwa jeusi, alikuwa amewashusha vijana wote. Alimimina maji katika beseni, akaosha mikono iliyokwisha kuoshwa.

Falonne akarudi tena na ndoo ya barafu, anacheka peke yake.

"Papa anachekesha. Baa inainama, ile kijiko inabingirika inaanguka. Alikunja karatasi, aliweka chini ya muguu. Iko sawa. Kisha ikainama tena, sasa anatafuta karatasi ingine."

Beseni lilimponyoka Ndaya, maji yakamwagikia miguu.

Alivuka ua. Wengine wanasema alikimbia; hakukimbia. Alivuka ua akijua kabisa anachokwenda kufanya na atakachopoteza: jina lake mbele ya wakwe, ndoa ya mtoto, na yule mwanamume aliyecheka kwa ajili ya kopo tupu. Akasukuma mlango wa nyuma.

Kitenge alikuwa nyuma ya kaunta, ameinua sheka kwa mikono miwili karibu na bega, anaitikisa kwa mwendo ule wa klabuni. Tata Kisimba alikuwa kwenye kochi karibu na mlango wa mbele. Antoine ndiye alikuwa amekaa pembeni, kiti chake kimeegemea baa, mkeka chini ya miguu yake umeshaanza kubonyea. Bilauri zote zilikuwa zinatetemeka rafuni bila sauti.

Antoine alimwona, akainamisha macho haraka kama kijana aliyelelewa. Ndaya alimshika mkono. Alimshika juu ya kiwiko, kwa nguvu, akamvuta hadi kiti kikaanguka.

"Simameni. Mutoke inje bote, sasa hivi. Chini kuko shimo."

"Mama Falonne," Kitenge alisema. Sheka ilikuwa imesimama hewani.

"Ni mi nilibaachilia bapite. Haya makopo yote ni feza ya shimo. Haikuwa mikate. Toka pale, nakuomba, toka."

Tata Kisimba alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli hawangoji kuambiwa mara mbili kwamba ardhi si nzima. Alimshika mwanawe upande mwingine, wakatoka. Kitenge alibaki amesimama kwa muda ule ambao neno huchukua kuingia ndani ya mtu. Ndaya alingojea tusi.

"Chini kuko bantu?" Kitenge aliuliza.

Ndaya hakuwa amewafikiria. Aibu ya kwanza ilimfunika hadi akawasahau walioko chini, na hii ya pili ikamchoma zaidi.

"Biko," alisema. "Batoto ba Kabemba."

Kitenge alitoka mbio na sheka mkononi, akaruka ukuta wa jirani, yeye mtu mzima mwenye magoti mabovu. Walimsikia jikoni kwa Tshibola akigonga sheka kwenye ndoo ya chuma ya kupandishia mawe na kuita ndani ya shimo. Aliita kwa sauti ambayo Ndaya hakuijua, na akaendelea kuita. Wakaanza kupanda, mmoja mmoja, wekundu kwa vumbi tangu nywele hadi vidole, wakimlaumu kwanza, kisha wakinyamaza. Wa mwisho alikuwa Kabemba. Hakuwa na taa.

Haikupita muda. Bati la nyumba liliguna, na ile pembe ya saloni ikashuka. Ilishuka polepole, na kwa sababu ya mipira ya baiskeli bilauri hazikupiga kelele yoyote mwanzoni. Zilikwenda chini pamoja na rafu zao kwa adabu, ndipo zikavunjika huko chini, zote, kwa pamoja. Vumbi likatoka mlangoni. Falonne akaanza kulia.

Majirani walijaa uani. Ndaya alirudi nyuma ya jiko la nje, akaketi juu ya kuni. Hapakuwa tena na saloni ya kutoingia, lakini hakujua aende wapi kwingine. Upande wa pili wa ukuta alisikia miguu ya watu, kisha sauti kavu ya Tata Kisimba.

"Tata Kitenge, iko neno."

"Sema, tata."

"Mama aliingia mahali mutoto yangu alikuwa anakaa. Alimuangalia ku macho. Alimushika ku mukono, mi mwenyewe niliona."

Ndaya aliweka pindo la nguo yake mdomoni, akaliuma.

"Ndiyo vile," Kitenge alisema. "Siwezi kukatala."

"Kwetu ile haipitake bure. Atatulipa kuku. Mweupe, na si kadogo."

Mwanamke mmoja mzee kati ya majirani akapiga kigelegele kimoja, kifupi, kwa sababu alielewa kabla ya wengine. Kuku wa bukwe hutozwa mama mkwe. Wageni wanaovunja posa hawadai kuku, wanafunga mizigo. Falonne naye alielewa, akalia upya. Ndaya alibaki na pindo mdomoni, mabega yakimtikisika.

Kitenge akaja nyuma ya jiko. Shati lake jeupe lilikuwa jekundu. Hakuketi.

"Makopo yote?" aliuliza.

"Yote."

"Na hii?" Akainua sheka. Ilikuwa imebonyea upande mmoja kwa kugongwa.

"Na ile."

"Ulinidanganya ku meza yangu mwenyewe, Ndaya."

Alikuwa hajamwita kwa jina tangu Falonne azaliwe.

"Ndiyo."

"Ju ya nini?"

Alikuwa na majibu mengi aliyoyatayarisha usiku na usiku. Lakini lililotoka halikuwa mojawapo ya hayo.

"Nilichoka kukuona umekaa."

Kitenge aligeuza uso kuelekea nyumba. Mlango ulikuwa wazi na ndani yake palikuwa na mwanga usiostahili kuwepo, wa bati lililofunguka. Alitazama sana. Palikuwa ni pa kulala, na sasa hapakuwa pa kulala. Ndaya aliona taya lake likienda na kurudi, akajua kwamba mazungumzo haya hayakwisha, kwamba yatakuwepo kesho na mwezi ujao, mahali popote watakapohamia.

"Sasa tutakaa wapi," Kitenge alisema, na haikuwa swali.

Kisha akaitikisa sheka mara moja karibu na sikio, kwa mazoea tu. Ndani yake kulikuwa bado na kitu. Akafungua kifuniko, akachukua kikombe cha bati kilichokuwa kimeangikwa kwenye msumari wa jiko, akamimina nusu, polepole, bila kumwaga tone. Nusu nyingine aliibakiza kwa ajili ya wageni.

"Kunywa," alisema. "Barafu inaisha."

Akaondoka kwenda kuwatafutia wakwe viti. Ndaya alikishika kikombe kwa mikono miwili. Yalikuwa maji ya tangawizi, yenye sukari na limau. Kabla ya kunywa aliyatazama juu, kama alivyozoea kutazama kila kitu wiki ile, aone kama yanatetemeka. Yalikuwa yametulia. Chini hapakuwa na mtu.

Akanywa.